Hapana Niliyoijibu Katika Fomu Yako ya Viza

Ifrah, hooyo,

Nimefunga duka kabla ya wakati. Mashine ya kopi nimeizima, pazia nimelishusha, na wateja wawili wamekwisha kugonga wakaondoka wakidhani nimekwenda kuswali Alasiri. Nimeshaswali. Nimekaa kwenye kile kiti unachokichukia, chenye mguu mfupi, na ninakuandikia nyuma ya fomu zilizoharibika, kwa sababu karatasi safi ziliisha jana na mimi, mwenye duka la karatasi, sikununua nyingine. Ukiona majina ya watu upande wa pili usiyasome.

Kesho alfajiri utapanda basi la Nairobi, halafu ndege, halafu ile meli ya watalii ambayo picha yake umenionyesha mara nyingi mpaka nayajua madirisha yake. Miezi minane utakuwa nesi kwenye zahanati ya meli, huko ng'ambo. Sitakuambia uvae nini wala ule nini. Shangazi yako Kaha yuko nawe nyumbani tangu asubuhi anakufundisha maisha, na yeye mwenyewe hajavuka daraja la Tana ila alipougua figo. Mwache afundishe, anafurahi. Mimi nina jambo moja tu, na naliogopa. Karatasi hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati ningeweza kukuita chumbani. Kisomali ndicho ninachosemea, ndicho cha kuitana hooyo, mama kwa mwana na mwana kwa mama, na nikianza kukisema nitalia, nikilia utanibembeleza, ukinibembeleza nitanyamaza, na tutakunywa chai. Tumeshafanya hivyo mara nyingi bila wewe kujua nilitaka kusema nini. Kiswahili ni lugha ninayojazia watu fomu zao mwaka wa kumi na tano sasa. Nimeshaandika humo talaka za watu, vifo vya watu na watoto wa nje ya ndoa, na kalamu haikukwama. Leo inakwama, lakini angalau inaandika.

Faili lako jekundu nililipanga mwenyewe, na unajua kwa karatasi sina mchezo. Pasipoti iko mbele, viza imo ndani yake. Kitabu cha baharia kipo, kile ulichokihangaikia Mombasa mara tatu. Cheti cha mafunzo ya usalama kipo, cha ile siku mlipotakiwa kuruka bwawani na majaketi ya kuokolea, ukanipigia simu ukicheka kwamba hijabu yako ilielea kabla yako. Cheti cha afya, kadi ya manjano ya chanjo, cheti cha mwenendo mwema, leseni ya uuguzi. Ile barua ya kampuni yenye jina la meli na bandari na siku ya kupanda nimeiweka juu kabisa, kwa sababu una tiketi ya kwenda tu, na mtu wa uwanjani akiona tiketi ya kwenda tu bila barua hiyo anaanza kukutazama kwa jicho la pili. Kila kitu kina kopi tatu. Majina yako yote matatu yanalingana herufi kwa herufi kutoka karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nimeyasoma kwa kidole, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Watu wakiliona faili hilo wanasema Mama Ifrah ni fundi. Mimi nikiliona naona karatasi moja ambayo haimo.

Kumbuka siku tulipojaza fomu ya viza. Tulikaa hapahapa, wewe kwenye kiti kizuri. Ulikuwa unanisomea maswali huku unakula sambusa, mimi nabonyeza. Jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa. Likaja swali, umewahi kutumia jina lingine lolote. Ukafuta mafuta mdomoni ukasema, "Jina gani tena, hooyo? Weka hapana, twende." Mkono wangu ulikaa juu ya kipanya. Wewe ulidhani mtandao umekwama, ukaipiga-piga meza. Nikaweka hapana. Halafu ukatia sahihi yako chini ya maneno yanayosema kwamba yote uliyoyaandika ni kweli.

Unalo jina lingine, Ifrah. Nilikupa mimi.

Ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa Tarbaj, upande wa visima vya kina baba yako, na ukame ule ulikuwa wa pili mfululizo. Ng'ombe walikwisha kwanza, mbuzi wakafuata. Baba yako, Mungu amrehemu, akachukua ngamia waliobaki akaenda nao kutafuta maji, nami nikabaki na wewe na mdogo wako Yahya, wa miezi saba. Tumekuambia siku zote kwamba Yahya alikufa kwa homa. Hakuwa na homa. Maziwa yangu yalikauka, nikawa nampa maji ya sukari, na sukari ilipokwisha nikampa maji. Nilimzika nikisaidiwa na wanawake wawili na mzee mmoja kipofu, wanaume wengine wote walikuwa na mifugo. Siku ya nne baada ya kumzika nilitoka nje nikakukuta umekaa kimya unatafuna kamba ya ndoo. Hukuwa unalia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kulikuwa na lori la mifugo linarudi tupu kuelekea Habaswein. Nikakupakia. Mle ndani alikuwamo mwanamke aitwaye Dahabo, mkimbizi wa kweli, aliyekuwa anarudi kambini Dadaab baada ya kumuuguza dada yake. Alikutazama wewe, akanitazama mimi, akasema, "Abaayo, dada yangu, huyu mtoto hafiki mwezi ujao. Twende kambini. Pale kuna unga."

Nikamwambia mimi ni Mkenya, nina kitambulisho.

"Basi kifiche," akasema. "Wakijua wewe ni wa hapa hawakuandiki. Sema umevuka mpaka, umetembea siku kumi na mbili, mume amepotelea njiani. Na mtoto usimpe jina lake. Jina lake la kweli mwachie, atalihitaji mbele."

Usimlaumu Dahabo. Alidhani anakulinda, na mimi niliona ni akili. Nilishona kitambulisho changu ndani ya pindo la gauni. Njia nzima nilikufundisha kwa mchezo, nakutekenya na kukuuliza. Wewe nani? Shamsa. Mama yako nani? Fadumo. Ulikosea mara mbili tu. Ulikuwa mwepesi, na sauti yako ilikuwa ndogo sana kwa njaa. Sitakuambia kwamba sikujua ninachofanya. Nilijua naiba, na nilijua naiba kwa watu wenye shida kuliko yangu, na ukinirudisha siku ile nitaiba tena.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo penye hofu yangu yote.

Mezani pa usajili alikuwapo kijana mpole mwenye miwani. Aliandika majina yale mawili ya uongo. Akanishika mkono, akanibonyeza vidole kimoja kimoja juu ya kioo chenye taa. Hilo nalikumbuka vizuri, kioo kilikuwa cha moto kidogo. Halafu akakugeukia wewe. Akakuinua akakukalisha juu ya meza. Nakumbuka mwanga wa kamera, ukafumba macho, akacheka akapiga tena. Baada ya hapo tuko nje nimeshika kadi ya mgao. Katikati sikumbuki. Sikumbuki kama alikushika mkono, Ifrah. Miaka hii yote nimekaa nikijaribu kuiona mikono yako juu ya ile meza na siioni. Watu wengine walioandikwa siku zile wanasema watoto wadogo walipigwa picha tu. Wengine wanasema wao watoto wao walibonyezwa gumba. Nimewauliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, na kila mmoja ananijibu kivyake.

Tulikaa kambini miezi minane. Ulinenepa. Baba yako alitupata mwezi wa tano, akasimama mlangoni pa hema na fimbo yake, hakuingia. Akasema, "Mimi sikuikimbia nchi yangu." Nikampakulia uji. Akakaa nje akaula wote, bakuli likawa jeupe, na tangu siku hiyo mpaka alipofariki hakulitaja tena jambo hilo, wala mimi. Mvua iliponyesha tuliondoka. Sikurudisha kadi. Nilisema labda ukame utarudi. Tukaja Garissa, baba yako akawa dalali kwenye soko la mifugo, na wewe ukaanza shule ukiitwa Ifrah kama ulivyozaliwa.

Lile jina hukuliacha siku ileile. Shangazi Kaha hupenda kusimulia kwenye kila harusi kwamba ulikuwa na mwanasesere wa vitambaa ukimwita Shamsa, na kwamba ukigombezwa ulikuwa unasema si mimi, ni Shamsa. Watu wanacheka na wewe unacheka. Sasa unajua kwa nini mimi huondoka hapo kwenda kuangalia mchele.

La pili nitakalokuambia ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa na njaa.

Ulipotimiza miaka kumi na minane ulitaka kitambulisho ili uombe ile basari ya chuo cha uuguzi. Siku hizo unakumbuka ilikuwa lazima upite mbele ya kamati ya wazee, waulize wewe ni mtoto wa nani na babu yako alichimba kisima gani, kabla hujapelekwa kwenye mashine ya vidole. Wewe ulikuwa unawaogopa wazee. Mimi niliiogopa mashine. Nilikuwa nimeona watoto wa watu wanatoka pale na karatasi imeandikwa kwamba vidole vyao vimekutwa kwenye orodha ya wakimbizi, na maisha yao yanasimama hapo. Kwa hiyo nilikudanganya. Nilikuambia Mzee Dagane wa kamati hataki kututilia sahihi kwa sababu ya ugomvi wa zamani na baba yako. Hakukuwa na ugomvi. Sikuwahi hata kumpelekea fomu. Kila mwezi nilikuja na sababu mpya, mzee amesafiri, mzee anaumwa, mzee anataka shahidi kutoka Wajir. Basari ikapita. Ulikaa miaka miwili humu dukani unatoa kopi za vyeti vya wenzako waliotangulia chuoni, na ulikuwa ukizipanga vizuri, kingo kwa kingo, na hukuniambia neno.

Lakini Mzee Dagane ulimwambia kwa macho. Alikuwa akija na karatasi zake, anasema, "Assalamu aleikum, binti yangu," nawe unaichukua karatasi bila kuitikia salamu. Mzee yule alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa najifanya natafuta wino. Alifariki hajui kosa lake. Nimemwombea dua nyingi, lakini dua si sawa na kumwambia mtu ukweli usoni.

Halafu ukaenda mwenyewe. Hukuniaga. Ulirudi mchana na kile kikaratasi cha kusubiri kitambulisho, ukasema mzee ametia sahihi papo hapo na ameuliza, "Mbona umechelewa hivi, binti?" Ukasema ni mnafiki mkubwa. Mimi niliingia chooni nikatapika. Miezi mitatu ile ya kusubiri sikulala usiku mzima hata mara moja. Kitambulisho kikatoka. Ulipokiweka mezani nilikishika nikakigeuza mara ngapi sijui, na nikasema moyoni, basi, hawakumbonyeza, ilikuwa picha tu. Nilikaa na imani hiyo kama wiki mbili. Kisha nikaanza kufikiri kwamba labda mashine hazijaunganishwa, labda waliotafuta hawakutafuta vizuri, labda mashine ya nchi za nje inaona mbali zaidi. Hofu haijali ushahidi. Ukiipa karatasi moja inakuomba nyingine.

Wewe umenitania miaka mingi kwamba nawajazia watu wa mji mzima fomu za pasipoti na mimi mwenyewe sina. Mwaka jana uliniahidi mshahara wako wa kwanza wa meli utanipeleka Umra. Nikasema magoti yangu hayawezi kuzunguka Kaaba. Magoti yangu ni mazima, hooyo. Vidole vyangu ndivyo vibovu. Mimi hakuna shaka, nilibonyezwa vyote kumi, chini ya jina la Fadumo. Kila nikipita mbele ya ile ofisi ya pasipoti navificha ndani ya shuka kana kwamba mtu anaweza kuvisoma kutoka dirishani.

Utasema, sasa imekuwaje leo? Umekaa kimya karibu miaka ishirini, kwa nini unaniambia siku ya mwisho?

Leo asubuhi alikuja Hussein. Unamjua, yule kijana wa mtaa wa nyuma anayebeba magunia, karibu miaka thelathini, hana kitambulisho. Kila baada ya miezi kadhaa namwandikia barua ya rufaa bila malipo na kila mara inakwama palepale. Mama yake alifanya nilichofanya mimi, mwaka uleule. Wewe ulidhani namwandikia bure kwa huruma. Leo tulipomaliza hakuinuka. Nikamuuliza kama bado anakikasirikia kidole chake, kwa sababu ndivyo anavyopenda kusema, kidole yangu imenishtaki.

Akasema, kwa kile Kiswahili chake cha ofisini kisicho na p, "Mama, mimi sikasirikii kidole. Mimi nakasirikia mama yangu. Angeniambia tu. Ile siku ya kwanza wameniuliza, umewahi enda kambi? Nikaaba kwa Mungu, sijawahi. Kumbe bicha yangu iko bale kwa kombyuta, niko mdogo, nimefaa shati ya baba. Wakaandika huyu ni mwongo. Kama ningejua, ningesema ndio, nilikuwa mtoto, nilibelekwa. Sasa hata nikisema ukweli nani ataamini?"

Alichukua barua yake akaenda. Mimi nilibaki nimekaa na kalamu yake mkononi.

Nilikuona wewe. Niliona chumba kidogo cha bandari, Barcelona au yoyote ile, meza, mtu wa sare, na picha ya mtoto wa miaka mitano imegeuzwa ikuelekee. Anakuuliza, huyu ni nani? Na wewe, kwa sababu wewe ni mkweli na unapokuwa mkweli unakuwa mkali, unaapa. Unaapa kwa jina la Mungu kwamba hujawahi kuitwa hivyo maisha yako yote. Na kila unavyoapa ndivyo anavyoandika. Na meli yako yenyewe haitui mahali pamoja. Umenisomea safari yake, nchi tano ndani ya siku kumi na mbili, na kila nchi ina watu wake na meza zake na vioo vyake. Mtu anayekwenda kufanya kazi kwenye jengo anapita mlango mmoja akamaliza. Wewe nimekutuma kwenye milango isiyokwisha, na nimekufunga kitambaa machoni.

Naogopa, Ifrah. Nataka niliandike wazi hivyo kwa sababu nimezoea kuita hofu yangu majina mengine, magoti, mtandao, Mzee Dagane. Naogopa kwamba watakukamata mahali ambapo siwezi kufika hata kwa kutambaa, kwa sababu sina pasipoti. Naogopa kwamba hawatakukamata, na utazunguka dunia na kurudi, nami nitazeeka na siri hii na kuona nimeshinda. Na zaidi ya yote naogopa uso wako utakaposoma mstari ule wa kamba ya ndoo, kwa sababu najua utanihurumia, na sitaki unihurumie kabla hujanikasirikia. Kwa miaka miwili ya humu dukani una haki ya kukasirika. Usiiruke.

Hili la viza nimelifikiri mchana kutwa kama mtu wa karatasi na si kama mama. Ukienda kesho na ukakaa kimya, huenda lisitokee lolote. Ulikuwa mtoto, labda ilikuwa picha tu, na picha ya mtoto wa miaka mitano nani ataifananisha nawe. Huenda pia likatokea. Ukitaka lile jibu lisahihishwe, wakala wako wa Nairobi anafungua ofisi saa mbili asubuhi, na hiyo ina maana uende kwake kwanza badala ya uwanjani, umwambie, na yeye awaandikie ubalozi. Nakuambia bila kukuficha, meli haitakungoja. Kuna wasichana wengine kwenye orodha. Huenda ukapewa meli nyingine baadaye na huenda usipewe kabisa. Watu huniuliza dukani, Mama Ifrah, nifanye nini, na huwa nina jibu. Hili sina. Nimejaribu kulitafuta nisije kwako mikono mitupu, na sikulipata.

Najua tu kwamba sitakuamulia. Nilikuamulia ndani ya lori na ulikuwa na miaka mitano, hapo sijuti. Nilikuamulia ulipokuwa na miaka kumi na minane, nikasimama mbele ya mlango wako na kukuambia mwingine ndiye aliyeufunga. Nikakuamulia mara ya tatu kwa kipanya, umekaa kando yangu na mafuta ya sambusa vidoleni. Sasa una miaka ishirini na minne na unashona majeraha ya watu. Lolote utakaloamua nitalibeba pamoja nawe. Ukisema nitangulie mimi, niende ofisini nikaweke vidole vyangu kumi juu ya kioo na kusema Fadumo ni mimi, nitakwenda kesho kukicha. Ukisema ningoje mpaka urudi kwa sababu kadi yangu na yako ni moja, nitangoja. Na popote watakapokuuliza, hata nisipokuwapo, usiape. Sema ndiyo, nilikuwa mtoto, mama yangu alinipeleka, nilikuwa na njaa. Nitaje kwa jina langu la kweli. Hutakuwa umenisaliti.

Nikuambie pia nilivyokuwa nimepanga. Nilipoanza karatasi ya kwanza nilikusudia kuiweka barua hii chini ya sanduku lako, ndani ya kiatu, uikute baharini siku utakayovaa viatu hivyo. Nilishachagua hata kiatu. Ungeisoma umeshapita milango, kazi imeshaanza, huna pa kurudi, na mimi niko mbali na macho yako. Niliona ni huruma, nisikuharibie safari. Ndiyo sababu niliichana. Ningekuwa nimekunyima kuchagua kwa mara ya nne na kuiita barua ya mama.

Kwa hiyo sasa hivi nafunga mlango wa nyuma na naja nyumbani nayo mkononi, kabla ya Magharibi. Nimeichukua na ile kadi, imekaa miaka yote kwenye kasha la bati chini ya nguo za marehemu baba yako. Ni kipande cha karatasi ngumu chenye nambari na matundu ya kila mgao tuliochukua. Nitamwomba Kaha na wanawake waliokuja kukuaga watoke waende uani. Watalalamika, watatoka. Nitakukabidhi vyote viwili na nitakaa kwenye mkeka, mbele yako, karibu kiasi cha kukusikia unavyopumua. Sitasema neno unaposoma. Sitakushika. Nimeahidi nafsi yangu pia kwamba sitalia, lakini hilo usilitegemee.

Maana yake ni kwamba ukifika mstari huu, mimi niko hapo. Basi halijaondoka. Inua macho, hooyo, uniangalie, useme lolote unalotaka kusema kwanza.

Mama yako